Mukombero Nyumbani: Jinsi ya Kuupanda, Kuutunza na Kuvuna Mizizi Bila Kuangamiza Mmea

Mizizi ya mukombero huuzwa katika masoko na vituo vya mabasi ya miji mingi ya Kenya. Wanunuzi huitafuna mibichi, huichemsha pamoja na chai au huisaga kuwa unga. Wengi wanaoinunua hawajawahi kuuona mmea wenyewe, wala hawajui kwamba kila fungu sokoni huenda ni mmea mzima uliong'olewa msituni. Somo hili linaeleza jinsi mkazi wa Nunguni na maeneo mengine ya vilima vya Kilungu anavyoweza kuukuza mukombero karibu na nyumba, akavuna mizizi mwaka baada ya mwaka na mmea ukabaki hai.

Mukombero ni mmea gani?

Mukombero ni jina la Kiluhya lililoenea kote nchini. Jina la kisayansi ni Mondia whitei. Ni mmea wa kudumu unaopanda kwa kujizungusha kwenye miti, na hupatikana katika misitu ya Afrika kuanzia magharibi mwa bara hadi Afrika Kusini. Hapa Kenya unajulikana zaidi katika msitu wa Kakamega na viunga vyake.

Majani yake ni makubwa, yana umbo la moyo, na huota mawili mawili yakitazamana. Pale majani hayo yanaposhikana na shina huwa na ukingo wenye vishada vidogo kama pindo la kitambaa. Shina au jani likikatwa hutoa utomvu mweupe. Maua yana rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijani. Matunda huwa jozi, na yakikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye nyuzi laini kama pamba zinazopeperushwa na upepo. Mzizi ukikwaruzwa hutoa harufu tamu kama ya vanila.

Kutambua mmea ni jambo la usalama. Mukombero ni wa familia moja na kivai, mti uliotumiwa na Wakamba kutengeneza sumu ya mishale, na familia hiyo ina mimea mingine mingi yenye utomvu mweupe na sumu. Hakuna anayepaswa kutafuna mzizi wa mmea aliouokota porini kwa sababu tu unafanana na mukombero. Miche au mbegu zitoke kwa mkulima anayeujua mmea wake, na afisa wa kilimo wa wadi aombwe kuuthibitisha.

Kwa nini upandwe nyumbani?

Dawa ya mukombero iko mzizini, na hapo ndipo tatizo lilipo. Anayechuma majani au matunda huuacha mmea ukiwa hai, lakini anayechimba mzizi wote huumaliza. Katika msitu wa Kakamega uchimbaji wa aina hiyo uliufanya mukombero kuwa haba, na wachimbaji wakalazimika kwenda mbali zaidi kuutafuta. Kituo cha utafiti cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kilishirikiana na jamii zinazoishi kando ya msitu huo ili mmea huo ukuzwe mashambani. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uchimbaji wa kuuza mizizi umeufanya mmea huohuo kuwa adimu.

Makueni ina misitu yake ya vilimani: Kilungu, Mbooni, Nzaui na Makuli. Misitu hiyo huhifadhi maji ya chemchemi na kuzuia udongo usiporomoke. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, ni kosa kutoa mazao katika msitu wa umma bila kibali. Kuwa na mmea nyumbani humwondolea mkazi haja ya kwenda na jembe msituni.

Mahali panapofaa

Vilima vya Kilungu na Mbooni hufikia mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni baridi kuliko nyanda za chini za kaunti. Hilo linaufaa mukombero. Tofauti kubwa na Kakamega ni mvua. Kule mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Hapa kuna misimu miwili yenye kiangazi katikati. Kwa hiyo mahali pa kupanda pachaguliwe kwa kufikiria kiangazi kwanza.

Panapofaa ni penye kivuli chepesi, udongo wenye rutuba usiotuamisha maji, na karibu na nyumba ili maji ya kuoshea mboga na vyombo yasiyo na sabuni nyingi yafike bila shida. Katika shamba lenye mteremko, mmea uwekwe upande wa juu wa tuta la fanya juu, ambako unyevu hukaa muda mrefu. Usipandwe kwenye ukingo wa tuta, kwa sababu kuchimba mizizi baadaye kutalegeza udongo na mvua kubwa italibomoa.

Mukombero unahitaji kitu cha kupanda. Mgrevilea uliokomaa unatosha. Mwembe au mparachichi mchanga haufai, kwa maana mukombero utaufunika na kuunyima mwanga. Asiye na mti anaweza kusimamisha nguzo mbili na waya, kama inavyofanywa kwa matunda ya pasheni. Mwenye ploti ndogo sokoni anaweza kupanda kwenye gunia kubwa lenye udongo na samadi, kisha kuuelekeza mmea kwenye ua kwa kamba ya katani.

Kupata miche

Kuna njia mbili ambazo mkulima anaweza kuzifanya nyumbani.

Ya kwanza ni mbegu. Tunda lifungwe kwa kitambaa chepesi linapoanza kukauka, ili mbegu zisipeperuke. Nyuzi zitolewe kwa vidole, na mbegu zipandwe zingali mpya, kwa kina kisichozidi urefu wa kucha, katika kitalu chenye kivuli. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Ya pili ni kuzika tawi. Tawi refu lililo hai huinamishwa hadi ardhini, likakwaruzwa kidogo upande wa chini, likafunikwa kwa udongo na kushikiliwa kwa jiwe. Ncha yake huachwa nje. Likishaota mizizi hukatwa kutoka kwa mama na kuhamishwa. Njia hii inampa mkulima mmea ulio sawa na ule anaoujua tayari.

Kazi ya kitalu ifanywe mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Miche itakaa kitaluni wakati wa baridi ya Juni na Julai, na itakuwa na nguvu ya kuhamishwa mvua za mwisho wa mwaka zikifika. Katika Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi.

Kupanda na kutunza

Shimo liwe la futi 2 kwa futi 2, na kina kama hicho. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mmea mmoja na mwingine uachiwe futi 6 hivi. Mche ukishapandwa, uwekewe kijiti cha kuuongoza hadi kwenye mti au waya.

Baada ya hapo kazi kubwa ni matandazo. Nyasi kavu au majani ya mgomba yafunike udongo kuzunguka shina bila kuligusa. Katika mwaka wa kwanza, mmea umwagiliwe mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Majani yakinyauka asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, ni dalili kwamba maji hayatoshi.

Mbuzi wazuiwe kwa miiba au ua. Fuko nao hula mizizi, kwa hiyo vichuguu vipya vya udongo karibu na shina visipuuzwe. Vidukari wakionekana kwenye machipukizi, waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo. Dawa kali za kuua wadudu zisitumiwe, kwa sababu mzizi huo utaliwa.

Kuvuna bila kuangamiza

Mmea usiguswe kabla haujatimiza miaka 2. Mizizi michanga ni myembamba, na kuikata kunauchelewesha mmea kuliko faida inayopatikana.

Wakati mzuri ni Septemba, kabla ya mvua kuanza. Mkulima achimbe upande mmoja tu, akianzia futi moja na nusu kutoka kwenye shina na kusogea ndani polepole kwa mkono au kijiti. Akate mizizi ya pembeni tu, isiyozidi theluthi moja ya ile anayoiona, kwa kisu kikali. Mzizi mkuu ulio chini ya shina haukatwi. Shimo lijazwe siku hiyohiyo kwa udongo na samadi, na lifunikwe kwa matandazo ili mvua ya kwanza isiuchukue udongo.

Mwenye mimea 4 avune mmoja kila mwaka. Kufikia zamu ya ule wa kwanza, utakuwa umepata miaka 4 ya kurudisha mizizi. Kwa utaratibu huo nyumba haikosi dawa na hakuna mmea unaokufa.

Kutumia kwa uangalifu

Kwa mapokeo, mzizi hutafunwa ili kuleta hamu ya kula, kutuliza tumbo na kuongeza nguvu za kiume. Madai haya hayajathibitishwa vya kutosha kwa binadamu. Utafiti mwingi umefanywa kwa panya, na matokeo yake hayaelekei upande mmoja. Utafiti wa Kameruni uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba panya dume waliopewa dawa ya mizizi hiyo walipungukiwa na uwezo wa kuzalisha, ukarejea baada ya kuacha kuipewa. Anayetafuta mtoto asiuchukulie mukombero kuwa tiba.

Mjamzito, mama anayenyonyesha, na mgonjwa wa sukari au presha anayetumia dawa wazungumze kwanza na mhudumu wa kituo cha afya. Hakuna anayepaswa kuacha dawa za hospitali kwa sababu anatafuna mzizi. Watoto wadogo wasipewe.

Kalenda ya mkulima

Machi na Aprili: kuandaa kitalu, kupanda mbegu na kuzika matawi.
Juni hadi Agosti: kuiwekea miche kivuli na kuimwagilia kwa kiasi.
Septemba: kuchimba mashimo mapya, na kuvuna mizizi ya pembeni ya mimea iliyokomaa.
Oktoba na Novemba: kuhamisha miche mvua zikishaloweka udongo vizuri.
Januari na Februari: kuongeza matandazo, kumwagilia, na kukagua fuko na vidukari.

Mkazi anayetaka kuanza amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya Machi, ili apate ushauri kuhusu udongo wake na mahali pa kupata mbegu zilizothibitishwa.