Nzi wa Konyo Konyo na uzee wa ulimi

Nzi wadogo wanaozingira maembe na ndizi zilizoiva sana pale sokoni Konyo Konyo, Juba, ndio wanaotia funza?

Hapana, si kwenye tunda zima. Anayetoboa embe na kutaga ndani ni hasa Bactrocera dorsalis, mgeni wa kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Huyu mdogo mwenye macho mekundu, Drosophila melanogaster, hufuata tunda lililoanza kuchacha. Ni Mwafrika, ingawa umaarufu kaupatia maabara za ng'ambo.

Anaonjaje?

Kwa miguu kwanza. Akikanyaga kitu kitamu, mrija wake wa kunyonyea huchomoka papo hapo. Ndicho kipimo cha watafiti: wanamshika nzi, wanamgusisha miguu na maji ya sukari, wanatazama kwa darubini kama mrija umetoka.

Akizeeka?

Nzi wa maabara huishi miezi 2 hadi 3, kwa hiyo uzee wake hufika kabla fedha za utafiti hazijaisha. Ladha hazimpotei kwa pamoja: kwa baadhi mrija hutoka mara chache kuliko ujanani, kwa nyingine anabaki vilevile. Mimi hilo ndilo linalonivutia, maana kama ingekuwa ni uchovu wa mwili tu, zote zingeshuka.

Nasikia hutumika pia kuchunguza Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Anaipata wapi?

Haipati mwenyewe, anapandikizwa jeni ya binadamu inayotengeneza amiloidi-beta, protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa. Kumbukumbu yake hudhoofika, naye hufa mapema. Mtafiti anaweza kuiwasha protini hiyo katika neva za kuonja pekee, nyingine akaziacha salama. Kwa bibi yako hathubutu.

Mama ana miaka 70, anatia chumvi kupita kiasi. Ndiyo Alzheimer hiyo?

Usikimbilie huko. Uzeeni pua huchoka kuliko ulimi, na ladha kubwa ya mchuzi ni harufu. Angalia pia dawa anazomeza, meno, kinywa kukauka. Lakini kupotea kwa uwezo wa kunusa huweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka; akiwa pia anatetemeka, au anapotea njia ya nyumbani, mpeleke hospitali. Chumvi mbadilishie kwa ndimu na tangawizi.

Utafiti wa nzi hawa upo jirani?

Upo. Mwaka 2013 mradi wa DrosAfrica ulianza mafunzo Ishaka, Uganda, katika Kampala International University. Nzi hulishwa unga wa mahindi, hamira na sukari, bidhaa za duka lolote la sokoni.