Samaki wa Mto Zigi na Maji ya Bomba Lako



Mto Zigi huanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, hupita katika Bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Bwawa hilo ndilo chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Tanga. Kwa hiyo, hali ya mto huo inamhusu kila alipaye ankara ya maji. Njia mojawapo ya kuitambua ni kuhesabu samaki na kukagua makazi yao.

Samaki huhesabiwaje?

Si rahisi kumhesabu kila samaki. Wataalamu huchagua kipande cha mto, hukizuia kwa nyavu juu na chini, huvua, huwatia samaki alama isiyowadhuru, kisha huwarudisha majini. Baadaye huvua tena. Tuseme samaki 40 walitiwa alama, na katika uvuvi wa pili wamepatikana 30, ambao 10 kati yao wana alama. Theluthi moja ina alama. Basi wale 40 nao ni takriban theluthi moja ya samaki wote, yaani 120.

Makazi hukaguliwaje?

Hupimwa kina cha maji, kivuli cha miti na hali ya sakafu ya mto. Miti ya kandokando ikikatwa, udongo huporomoka na kufunika changarawe wanamoishi wadudu ambao ni chakula cha samaki. Udongo huohuo hujaza bwawa na kuongeza gharama ya kusafisha maji.

Mambo ya kuzingatia

1. Linganisha hesabu zilizofanywa mahali pamoja, msimu uleule na kwa njia ileile. Hesabu moja pekee haitoshi.

2. Kuwapo kwa samaki si uthibitisho kwamba maji ya mto ni salama. Yachemshe kabla ya kunywa.

3. Ukiona samaki wengi wamekufa ghafla, usiwaokote, usiwanunue wala kuwala; huenda wametiliwa sumu. Toa taarifa mara moja kwa serikali ya kijiji au Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

4. Usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Eneo hilo linalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Anayeulinda mto huanza kuyasafisha maji kabla hayajafika bombani.