Sarafu ya Tabora: Maswali Kabla ya Kulipia Uthibitisho

Urundi ilihesabiwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Usumbura, Bujumbura ya leo, Juni 1916. Kabla ya faranga kulikuwa na rupia na heller, na tangu 1904 rupia moja ilikuwa heller 100. Anayechambua vyuma chakavu katika Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, akikuta kiduara cha shaba chenye taji, mwaka 1916 na herufi T, ameshika pesa ya dharura iliyopigwa Tabora wakati wa vita. Maswali yafuatayo ni ya mtu wa namna hiyo anayejiuliza kama aipeleke kwa kampuni za nje zinazopanga sarafu madaraja na kuthibitisha aina zake.

Heller 20 zote za Tabora si sarafu moja? Hizo aina zinatoka wapi?

Meli za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, na sarafu kutoka Berlin na Hamburg hazikufika tena. Wajerumani wakaanzisha kiwanda cha kupiga pesa katika karakana ya reli Tabora, wakitumia shaba nyekundu na shaba ya njano, baadhi yake ikiwa ya maganda ya risasi. Mihuri ya kupigia chapa ilichongwa kwa mkono, na hakuna mikono inayochonga mihuri miwili ikafanana kabisa. Ndiyo maana taji huwa kubwa katika mihuri fulani na dogo katika mingine, na katika neno HELLER ncha za L mbili huchongoka, au hujikunja zote, au hujikunja ya pili peke yake. Unganisha taji, ncha za L na rangi ya shaba, utapata orodha nzima ambayo vitabu vya bei vimeipa herufi na namba. Mchanganyiko mmoja hupatikana kwa wingi, mwingine kwa nadra, na bei huufuata uadimu huo. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo nazo ziko hivyo. Zilipigwa takriban 16,000, na hugawanywa katika aina mbili kwa kuangalia ncha ya pambo la kulia upande wa tai: inaishia chini ya T au chini ya A ya kwanza katika neno OSTAFRIKA.

Yangu imepigwa upande, taji limekatika kidogo. Hiyo ni kasoro ya thamani?

Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa. Aina hutokana na muhuri, kwa hiyo kila sarafu iliyopita chini ya muhuri huo hubeba alama ileile. Kasoro ni ajali ya pigo moja: kipande kimekaa vibaya, kimekatwa pungufu, au ni cha madini yasiyo yake. Ajali huwa na thamani pale kiwanda kinapokuwa na desturi ya kuzichuja. Faranga 10 ya Burundi ya 1968 ikikutwa imepigwa nusu tu, hilo ni jambo, kwa kuwa kiwanda cha kisasa hakikukusudia kuitoa. Tabora walikuwa wakifukuzana na vita. Sarafu iliyokwenda upande kidogo au yenye ufa wa muhuri ilitoka mlangoni pamoja na wenzake, na wanunuzi hawailipii sana. Zaidi ya hayo, nyundo na jiriwa za karakana yoyote zinaweza kutengeneza "kasoro" mchana mmoja. Mkaguzi hutazama kama chuma kilitiririka chini ya muhuri au kilibanwa baadaye, na jeraha la baadaye halina jina jingine ila uharibifu.

Kwa nini nijisumbue kuchunguza? Si kazi ya kampuni hizo?

Ni kazi yao, lakini haianzi mpaka uiombe. Kampuni mbili kubwa za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC ya 1987, kwanza huangalia uhalisi na kutoa daraja katika kipimo cha 1 hadi 70. Kuandika aina ya muhuri au kasoro kwenye lebo kwa kawaida ni huduma ya pembeni yenye ada yake, na fomu hutaka mwenye sarafu aieleze. Asiyeomba anaweza kurudishiwa sarafu adimu yenye lebo inayosema "20 Heller 1916" tu. Basi kumpelekea mkaguzi sarafu ni kama kupeleka shauri mahakamani: hakimu ataamua, lakini dai na ushahidi huja na mlalamikaji. Ushahidi wenyewe ni rahisi: kioo cha kukuzia, taa ya pembeni, picha ya sarafu ambayo aina yake imekwisha kuthibitishwa, na mizani ya sonara. Kwa rupia 15 mizani ina uzito wa pekee, kwani sarafu halali ni gramu 7.168 za dhahabu ya 750 kwa 1,000, na za bandia ni nyingi.

Kama nimeshaitambua mwenyewe, nilipe ya nini?

Pingamizi hili lina nguvu, na kwa heller nyingi jibu ni: usilipe. Ada, bima na posta ya kwenda na kurudi kutoka Bujumbura huweza kuzidi bei ya sarafu ya kawaida iliyochakaa, na kasha la plastiki ambamo kampuni huirudisha haliongezi uadimu usiokuwapo. Lakini maarifa yako yanamsaidia nini mnunuzi aliye Munich ambaye hawezi kushika sarafu wala hakujui? Uthibitisho unanunua imani yake. Kwa hiyo gharama ina maana panapokutana mambo matatu: aina iwe imeandikwa katika vitabu vinavyotambuliwa, alama yake ionekane bila kubahatisha, na tofauti ya bei kati ya aina hiyo na ile ya kawaida iifunike gharama yote. Likikosekana moja, bakia na sarafu yako na maelezo yako.

Na wakaguzi wakikosea?

Hukosea, na kampuni hizo zina utaratibu wa kurudisha sarafu ili lebo isahihishwe. Hiyo haiwaondolei maana. Inazidi kuonyesha kwamba mwenye sarafu lazima aweze kusoma alama mwenyewe, maana asiyejua aina yake hatajua lebo imekosea. Kosa lisilosahihishika ni la mwenye sarafu anayeisugua kwa brashi ya waya au tindikali ya karakana ing'ae. Sarafu iliyosuguliwa kwa kawaida hunyimwa daraja la namba na huandikwa kuwa imesafishwa, hata aina ikiwa adimu. Iache na kutu yake, ipime, ilinganishe na picha, kisha uamue kama dai lako linastahili nauli.