Chaji ya Bure Isikununulie Gari Bovu
Mwongozo kwa wanunuzi wa magari ya umeme yaliyotumika, Lushoto na Milima ya Usambara

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo au Mtae anayefikiria kununua gari la umeme lililotumika, na ambaye dalali amekwisha kumwambia kuwa gari hilo "lina chaji ya bure". Maswali yanayotufikia juu ya magari haya yanaanzia karibu yote hapo. Mtu mzima, mzoefu, anayeweza kuijua injini mbovu ya Noah kwa kuisikiliza tu, akisikia chaji ya bure anaacha kuuliza mengine. Anatoa malipo ya awali, betri hajaitazama.

Hatari tunayoizungumzia ni hiyo moja, na tutairudia bila kuona haya: usilipie ahadi ya chaji ya bure kabla hujaijua hali ya betri.

Ofa ni mkataba, haikufungwa kwenye gari

Gari la umeme lenye usukani wa kulia linaloweza kumfikia mnunuzi wa kawaida wa Tanzania hutoka zaidi Japani, na linalojulikana kuliko mengine ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Nissan ilikuwa na mpango huko Japani ulioitwa ZESP2. Mwenye gari alilipa ada ya yeni 2,000 kwa mwezi, akapewa kadi, akachaji kwenye mashine za kasi bila kikomo. Hata hao Wajapani, basi, hawakuchaji bure, walilipa ada. Na Desemba 2019 kampuni iliacha kuwapokea wateja wapya katika mpango huo.

Ukifungua droo ya dashibodi ya Leaf lililoshushwa bandarini na kukuta kadi yenye maandishi ya Kijapani, usiihesabu katika bei. Mkataba ulikuwa baina ya kampuni na mteja wake wa Japani, na mashine zenyewe ziko Japani. Hakuna mtambo wa kuchajia Mombo utakaoisoma kadi hiyo. Muuzaji anayekuonyesha kadi kama kithibitisho ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Tesla nayo iliwahi kuuza magari ya Model S yenye haki ya kuchaji bure bila kikomo. Walioagiza baada ya Januari 15, 2017 walipewa kiasi cha uniti 400 tu kwa mwaka, na miaka iliyofuata ofa za aina hiyo zilipotolewa tena zilifungwa kwa mmiliki wa kwanza. Gari likiuzwa, haki inabaki nyuma. Kwa hiyo hata Marekani, ambako mitambo ipo barabarani, mnunuzi wa gari lililotumika hulazimika kuuliza kwanza kama ofa inamfuata au haimfuati. Wewe wa Lushoto uliza zaidi yake.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa funzo la karibu. Nairobi, mwaka 2018, ilianzishwa huduma ya teksi za umeme iliyoitwa NopeaRide, iliyotumia magari ya Leaf na kujenga vituo vyake vya kuchajia. Mwisho wa mwaka 2022 huduma ilifungwa baada ya kampuni mama ya Ufini kufilisika. Magari hayakuwa mabaya, wala madereva hawakuwa na kosa. Lakini aliyetegemea kituo cha kampuni moja, kampuni ilipoanguka alibaki anatafuta soketi. Ahadi ya "chaji ya bure maisha" ina urefu wa maisha ya kampuni iliyoitoa, si maisha yako.

Kwa hiyo kila anayekuahidi chaji ya bure, awe dalali, mwenye hoteli au mwenye kituo, akuandikie kwenye karatasi: nani anatoa, wapi, kwa muda gani, kwa uniti ngapi kwa mwezi, na kama haki hiyo inahamia kwako gari likibadilishwa jina. Asipoandika, ichukulie kuwa haipo. Tunarudia: asipoandika, haipo.

Na hata ikiandikwa, tazama mdomo wa kuchajia. Leaf ina midomo miwili puani, mdogo wa chaji ya polepole na mkubwa wa chaji ya kasi unaoitwa CHAdeMO. Magari mengi ya Ulaya hutumia CCS2, na mengi ya China hutumia GB/T. Kituo chenye waya wa CCS2 pekee hakitakusaidia hata kama ni bure usiku na mchana, kwa sababu kichwa hakiingii.

Hesabu ya barabara ya Mombo

Tunajivunia sehemu hii ya kijitabu, kwa sababu hesabu zake ni za mlima wetu, hazikuazimwa kwenye matangazo ya biashara. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na katika kilomita hizo unapanda takribani mita 1,000. Gari aina ya Leaf likiwa na watu wanne lina uzito wa karibu kilo 1,800. Kuuinua uzito huo mita 1,000 kunahitaji uniti 5 za umeme peke yake; ongeza umeme unaopotea kwenye mota, na msuguano wa matairi katika kona zote zile za Soni, unafika uniti 9. Ukipakia magunia ya karoti na kabichi kutoka Lukozi kushuka Mombo, sawa, mzigo unakusukuma. Lakini aliyepakia saruji kupanda nayo atakula zaidi ya 9.

Sasa tazama betri. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, na zinazotumika kweli ni kama 21, gari likiwa jipya. Betri iliyobaki na asilimia 70 ya uwezo wake ina uniti 15 hivi. Kupanda kutoka Mombo peke yake kunakula zaidi ya nusu yake.

Tuseme chaji ya bure uliyoahidiwa iko Korogwe. Umechaji pale hadi ikajaa: uniti 15. Korogwe hadi Mombo ni kama kilomita 40 za barabara kuu, uniti 6 zimekwenda. Mombo hadi Lushoto, 9. Jumla 15. Hukubakiwa na kitu, na hapo hatujahesabu taa za usiku, vipangusio vya mvua ya masika, wala foleni ya malori. Utasimama juu ya Soni, kwenye kona, nyuma yako basi. Chaji ya bure ya Korogwe imeliwa yote na safari ya kuirudisha nyumbani.

Ikiwa kituo chenyewe kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 350 kutoka Lushoto, hatuna haja ya kuendelea na hesabu.

Wauzaji hutaja kilomita 200 au 228 kwa chaji moja. Takwimu hizo zipo kweli: ni za Leaf ya uniti 24 ikiwa mpya, zilizopimwa kwa utaratibu wa Kijapani wa JC08, kwenye mashine ya kupimia, pasipo mlima. Hazimhusu mtu anayeishi Magamba.

Bure hiyo ni shilingi ngapi?

Pima ofa kwa fedha. Mtu anayetembea kilomita 30 kwa siku anatumia kama uniti 150 kwa mwezi, upotevu wa kuchaji ukiwemo. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya VAT na tozo. Hiyo ni shilingi 43,800 kwa mwezi. Ukiongeza VAT na tozo ni kama 53,000. Kwa mwaka mzima haifiki laki saba. Dalali akikupandishia bei milioni tatu kwa sababu ya chaji ya bure, itakuchukua zaidi ya miaka minne kuzirudisha, na kila uniti iwe umeichukua kwenye kituo hicho na si kwako. Betri ikifa kabla ya hapo, fedha ya betri inahesabiwa kwa mamilioni na hakuna ofa itakayokulipia.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wanunue LUKU. Nyumba nyingi huku mlimani ziko kundi la D1, la matumizi madogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi shilingi 100 kila moja, zinazozidi hapo shilingi 350. Anayevuka kiwango mara kwa mara huhamishiwa T1. Ukianza kuchaji gari kwa mita hiyo hiyo, si umeme wa gari tu unaopanda bei, bali na wa taa na friji. Nyumba iliyotumia uniti 60 kwa shilingi 6,000 italipa 17,520 kwa uniti zile zile. Mwulize TANESCO kabla ya kununua gari, siyo baada.

Onyo la soketi

Umeme wa nyumba za Japani ni volti 100, na 200 kwa vifaa vikubwa. Wetu ni 230. Waya wa kuchajia uliokuja na gari usiuchomeke mpaka fundi umeme mwenye leseni ameusoma na kuuthibitisha. Usitumie ekstensheni. Gari huvuta umeme mwingi kwa saa sita, saba, nane mfululizo, usiku watu wamelala. Soketi ya kawaida iliyolegea huchemka, plastiki hulainika, na nyumba nyingi zetu zina dari za mbao. Liwekee gari laini yake kutoka kwenye ubao wa umeme, yenye swichi yake ya kujikata na waya wa ardhini uliopimwa. Gharama hiyo iweke ndani ya bei ya gari tangu mwanzo.

Onyo la pili kwa anayekaa juu: usijaze betri pomoni kama kesho unashuka Mombo. Gari la umeme likishuka, mota inageuka jenereta, inavuta breki na kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa haina pa kuupokea, na mwendo wote unabaki mikononi mwa breki za kawaida. Acha kwenye asilimia 80.

Vijiti 12

Ndani ya Leaf, upande wa kulia wa kioo cha dereva, kuna safu mbili za vijiti. Vile vinene vinaonyesha chaji ya siku hiyo. Vile vyembamba vya pembeni, 12 gari likiwa jipya, vinaonyesha uwezo uliobaki wa betri. Muuzaji hukuonyesha vinene. Wewe tazama vyembamba. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imekwisha kupoteza kama asilimia 15. Vikibaki 9 au pungufu, gari hilo ni la mizunguko ya mjini Lushoto, si la kushuka na kupanda.

Hata vijiti vyenyewe si neno la mwisho. Wapo mafundi wanaofuta kumbukumbu ya betri kwa kompyuta, vijiti vikarudi 12 kwa muda. Mwombe mtu mwenye kifaa cha kupimia na programu ya LeafSpy akusomee afya ya betri. Ni kazi ya dakika chache. Kumbuka pia kwamba betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, kwa hiyo gari lililokaa miaka mingi kwenye joto huchakaa haraka kuliko lililokaa kwenye baridi.

Ushuru na umiliki tunaugusa tu. Gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na likizidi 10 ni mkubwa zaidi. Hesabu kamili iko TRA, na jina libadilishwe huko huko. Aliyedanganywa juu ya sifa za bidhaa analindwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Lakini malalamiko yasiyo na karatasi ni mazungumzo. Ndiyo maana tulisema: andikisha.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie muuzaji mkutane Mombo. Andikeni asilimia ya chaji, pandeni watu wanne, mwende hadi Lushoto mjini bila kuchaji njiani, muandike tena. Betri ya uniti 24 iliyo nzima itapungua kama asilimia 43. Iliyobaki na asilimia 70 ya uwezo itapungua karibu 60. Ikipungua zaidi ya 70, rudisha ufunguo. Na muuzaji anayesifu chaji ya bure lakini hakubali gari lake lipande kutoka Mombo, usinunue kwake.