Ugonjwa wa akili na majira ya Ziwa Mweru

Ukiishi na mgonjwa wa akili miaka kadhaa, utaona kwamba ugonjwa wake una majira. Kuna miezi anatulia, na kuna miezi nyumba nzima hailali.

Wakitafuta sababu, wataalamu wengi hutazama serotonini, kemikali inayosaidia kupeleka ujumbe ubongoni na kugusa usingizi, hamu ya kula na furaha. Mwaka 2002 Gavin Lambert na wenzake huko Melbourne, Australia, walipima damu inayotoka kwenye ubongo wa wanaume 101 wenye afya. Walikuta mzunguko wa serotonini uko chini kipindi cha baridi, na hupanda siku zenye jua jingi.

Lakini Melbourne mchana wa kiangazi huzidi ule wa majira ya baridi kwa saa tano hivi. Huku kwetu Zambia, Nchelenge na kisiwa cha Kilwa kwenye Ziwa Mweru, tofauti ni kama saa moja tu. Tena zaidi ya tisa kwa kumi ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, na ile iliyo kwenye damu haiingii ubongoni. Kwa hiyo akitokea mtu kuwauzia kipimo cha serotonini ya damu ili mjue kama mgonjwa wenu amezidiwa, wekeni pesa yenu mfukoni.

Huku kwetu majira huingia kwa milango mingine. Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, pesa hukauka, na mvua huleta malaria. Mtu akichanganyikiwa ghafla huku ana homa, msiseme ni ule ugonjwa wake wa zamani, wala msianze na mganga. Malaria iliyopanda kichwani huua haraka. Apimwe siku hiyo hiyo.

Mlango unaosahaulika zaidi ni usingizi. Chisense, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na wavuvi hukesha mfululizo. Mwenye baipola, yaani ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, anaweza kupandishwa na kukesha huko: anaongea mbio, analala kidogo bila kuchoka, anagawa pesa, anapanga makubwa. Si lazima aache kazi ya ziwa. Kuanika chisense na kushona nyavu ni kazi za mchana, na zina heshima yake. Mkeo au kaka yako akianza kulala saa mbili tatu tu kwa usiku, mpelekeni kliniki kabla hajaharibikiwa.

Septemba na Oktoba shida ni joto. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, akitoka jasho jingi, akiharisha au akitapika, dawa inaweza kujaa mwilini ikawa sumu. Anywe maji mara kwa mara, asiache chumvi ghafla, wala asimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki bila kumwuliza mhudumu wa afya. Mikono ikitetemeka sana, akayumba kama mlevi, asimeze kidonge kinachofuata, akimbizwe hospitali. Wanaotumia klopromazini, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili, wavae kofia na nguo za mikono mirefu, maana ngozi yao huungua upesi na mwili hupoa kwa shida.

Walio kisiwani wachukue dawa za mwezi unaofuata kabla za sasa hazijaisha. Upepo ukivuma, mtumbwi wa kwenda Kashikishi, huko nchi kavu, hauondoki, na siku chache bila dawa zinaweza kumrudisha mgonjwa nyuma.