Chuo Kilichookolewa na Kwaya

Muhula uliopita nilikaa nyumbani siku tisa kwa sababu ya karo. Niliporudi, wenzangu walikuwa wameshasoma habari za Wamarekani Weusi baada ya utumwa. Nilinakili daftari la jirani yangu wa dawati, kisha nikaenda maktabani kutafuta zaidi. Huko ndiko nilikokutana na Chuo Kikuu cha Fisk.

Utumwa ulikomeshwa kote Marekani mwaka wa 1865. Mnamo Januari 1866, mjini Nashville, jimbo la Tennessee, wamishonari walifungua shule ya Fisk katika majengo kuukuu ya jeshi. Jina lilitokana na Jenerali Clinton B. Fisk, aliyewasaidia kuyapata. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wa umri wa miaka 7 hadi 70. Hebu fikiri, babu yako mmeketi naye dawati moja akisoma a, e, i, o, u! Vitabu navyo havikuwepo. Basi wanafunzi waliokota pingu na minyororo yenye kutu iliyowafunga watumwa, wakaiuza kama vyuma vikuukuu, wakanunua vitabu vya tahajia. Hapo niliacha kusoma kwanza, nikatazama nje ya dirisha.

Kufikia mwaka wa 1871 shule ilikuwa na deni, ilikaribia kufungwa. Mweka hazina, George L. White, ambaye pia alifundisha muziki, aliondoka na wanafunzi tisa tarehe 6 Oktoba kwenda kuimba ili wachangiwe pesa. Ni kama harambee, ila wao ndio walioifuata kwa watu. Mambo yalikuwa magumu. Hoteli nyingine ziliwakataa kwa rangi yao. Mapato yao ya kwanza, ati, waliwapa walioathiriwa na moto mkubwa wa Chicago, ilhali wenyewe hawakuwa na kitu!

Mwanzoni waliimba nyimbo za Kizungu. Zile za wazazi wao, za utumwani, waliziona haya. Kumbe hizo ndizo watu walizozitaka! Walijiita Jubilee Singers, kutokana na mwaka wa Yubile katika Walawi 25, watumwa wanapoachiliwa. Mwaka wa 1873 walimwimbia Malkia Victoria kule Uingereza. Pesa zao zilijenga Jubilee Hall, bweni lililokamilika mwaka wa 1876 na ambalo lipo hadi leo. W.E.B. Du Bois, mwandishi mashuhuri, alihitimu Fisk mwaka wa 1888.

Nilimsimulia mama haya yote jioni tukichambua sukuma wiki. Akaniuliza, "Na hao walioimba, mwanangu, nao walisoma saa ngapi?"

Nilikosa jibu la haraka. Ella Sheppard, mpiga piano wao, alizunguka na kwaya hiyo kwa karibu miaka saba.