Fungate Unguja: Panga Safari, Panga na Afya

Somo la leo ni tamu: tunazungumzia fungate.

Ukiwauliza vijana wengi wa Tabora wenye wachumba, ndoto yao ni moja: tukishafunga ndoa, twende Zanzibar tukaone bahari. Ni ndoto nzuri kabisa. Ila ukiuliza, "Mmejipangaje?" unajibiwa, "Aa, tutajua huko huko." Ndugu yangu, huko huko ni mbali! Yapo mambo ambayo ukiyagundua ukiwa chumbani Nungwi, ndoa imeshafungwa na pesa imekata, yatakuelemea kuliko kama ungeyajua ukiwa bado nyumbani.

Ukimaliza somo hili uweze:
- kutaja vipimo ambavyo wachumba wanatakiwa kufanya kabla ya harusi;
- kupanga bajeti na ratiba ya siku saba;
- kuzungumza na mwenzako kuhusu usiku wa kwanza bila aibu.

Jambo moja kabla hatujaanza. Somo hili ni la watu wawili waliotimiza miaka 18 na waliochaguana kwa hiari. Msichana anayetolewa shule ili aolewe haendi fungate, anaibiwa maisha yake. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba.

FUNGATE NI NINI?

Katika Kiswahili cha zamani, fungate maana yake ni saba. Kwa desturi ya pwani ni siku saba baada ya harusi. Maharusi hukaa ndani, hawapiki wala hawafui. Chakula huletwa kutoka kwa wazazi wa bibi harusi, na somo yuko karibu kuwaelekeza. Wazungu huziita siku hizo mwezi wa asali. Asali Tabora tunayo tele, kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanyika!

Unaona basi? Fungate haikuanza na hoteli wala picha za ufukweni. Lengo lake ni watu wawili kupewa nafasi ya kuzoeana. Safari ni nyongeza tu.

NJIA NI ILE ILE

Kutoka Tabora kwenda Unguja si safari mpya. Ni njia ya misafara. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, siku ya 134. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka hadi Bagamoyo na pembe za ndovu begani, mzigo wa kama kilo 30 kwa mtu mmoja. Wengine walipita njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, wakaenda kuuzwa utumwani.

Msafara wa wapagazi haukuondoka hovyo hovyo. Mizigo ilifungwa, ikapimwa, ikagawanywa. Kila mtu alijua wake, ndipo kirangozi akatangulia.

Nanyi maharusi ni msafara, wa watu wawili tu. Kwa hiyo kanuni ni hii: fungueni mizigo yenu kabla ya kuondoka, kila mmoja aone mwenzake amebeba nini.

HATUA YA 1: PIMENI KABLA YA KUCHAPISHA KADI

Usimpime mchumba kwa macho. Unene, weupe wa meno au kuimba kwaya si kipimo cha damu. Nendeni pamoja kituo cha afya, ikiwezekana miezi mitatu au zaidi kabla ya harusi. Kwa nini miezi mitatu? Kwa sababu maambukizi mapya ya VVU huenda yasionekane mara moja, na aliyekuwa kwenye hatari siku za karibuni hutakiwa kurudia kipimo. Pia mnapata muda wa kufikiri kabla shangazi hajagawa kadi.

Ombeni vipimo hivi:

VVU. Vituo vya serikali hupima bure na majibu hutoka siku hiyo hiyo. 

Kaswende. Inatibika kabisa, lakini mama mjamzito asiyetibiwa anaweza kumwambukiza mtoto tumboni.

Homa ya ini B. Huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana. Asiye nayo anaweza kuchanjwa.

Sikoseli. Hapa vijana wengi hushangaa. Mtu anaweza kubeba nusu ya ugonjwa huu, yaani chembe moja ya urithi, na asiumwe maisha yake yote. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa mtoto kuzaliwa na sikoseli. Kujua mapema hakuwakatazi kuoana. Kunawasaidia kuamua macho yakiwa wazi, na kumpima mtoto mapema akizaliwa.

Swali: Je, mmoja wetu akikutwa na VVU, ndoa imekufa?

Jibu: Hapana. Uamuzi ni wenu wawili, si wa kamati ya harusi wala majirani. Anayetumia dawa za kufubaza VVU vizuri, kila siku, hadi kipimo kionyeshe virusi havigunduliki, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kabla hajafika hapo, tumieni kondomu, na yule asiye na VVU aulize kliniki kuhusu dawa kinga. Wako watu wengi wa namna hii wenye watoto wasio na VVU. Kinachoua ndoa ni siri inayokuja kufunguka baadaye, pengine kwenye kliniki ya wajawazito, mume akiwa hayupo.

Majibu ni mali ya mwenyewe. Usimtangaze mwenzako, hata kama mmeachana.

HATUA YA 2: MTOTO SASA AU BAADAYE?

Ulizaneni waziwazi. Kama hamtaki mimba mara moja, msisubiri hadi usiku wa harusi. Vidonge, sindano na vipandikizi kwa kawaida huhitaji hadi siku saba kabla ya kutegemewa, kutegemea siku ulizoanza. Mwone mhudumu mapema ili mwili uzoee. Kondomu ikipasuka, vidonge vya dharura (wengi huviita P2) hufanya kazi vizuri zaidi ukivitumia mapema, ndani ya saa 72. Si vya kumeza kila wiki kama peremende.

Kama mnataka mtoto haraka, bibi harusi aanze vidonge vya asidi ya foliki angalau mwezi mmoja kabla. Hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo.

HATUA YA 3: PESA

Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora, alipenda kusema kupanga ni kuchagua. Tuseme yeye ni seremala wa Ng'ambo na mchumba wake ni mshonaji wa Gongoni. Michango ya harusi ikiishia yote kwenye ukumbi na keki, fungate itakuwa ya deni. Waiambie kamati tangu kikao cha kwanza: tupunguze meza kumi, zitulipie safari.

Chukueni daftari, mwandike kwa mpangilio huu:
1. Nauli ya kurudi (ndiyo, anza na ya kurudi!)
2. Nauli ya kwenda
3. Kulala
4. Kula na kutembea
5. Dharura, ambayo haiguswi

Bei za kulala hupanda Juni hadi Oktoba na mwisho wa mwaka, wageni wanapokuwa wengi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hushuka, ila mvua ni nyingi. Na wewe mkulima, usikope kwa tumbaku ambayo bado iko bani.

Bebeni vitambulisho vya taifa, kadi za bima kama mnazo, na cheti cha ndoa. Baadhi ya nyumba za wageni Unguja hukiuliza.

RATIBA YA SIKU SABA

Siku ya 1: Tabora hadi Dar es Salaam. Mnaweza kupanda basi, au treni ya reli ya kati, reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Uliza stesheni siku za treni. Njia nyingine ni basi hadi Dodoma, halafu treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma hadi Dar mwaka 2024. Laleni Dar, msijichoshe.

Siku ya 2: Boti ya mwendo kasi hadi Unguja, kama saa mbili. Mwenye kichefuchefu ale kidogo na akae katikati ya boti. Jioni mkapunge upepo Forodhani.

Siku ya 3: Mji Mkongwe kwa miguu. Fikeni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mtoto wa Tabora asimame hapo kidogo. Waliopita kwao wakiwa na minyororo, wengi waliishia hapa.

Siku ya 4: Daladala hadi msitu wa Jozani, mkawaone kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu. Endeleeni hadi Paje au Jambiani.

Siku ya 5: Msipange kitu! Hii ndiyo siku ya fungate yenyewe.

Siku ya 6 na ya 7: Kurudi, taratibu.

TUZUNGUMZE USIKU WA KWANZA

Usione aibu, soma tu.

Si lazima usiku wa kwanza uwe usiku wa harusi. Mmesimama ukumbini tangu mchana, mmecheza, mmekaa kwenye basi saa nyingi. Mkilala usingizi tu, hakuna kilichoharibika.

Damu si ushahidi. Wapo wasichana bikira wengi wasiotoka damu hata tone. Utando ule hutofautiana kwa kila mwanamke. Bwana harusi anayemshuku au kumpiga mkewe kwa sababu ya shuka jeupe anafanya ukatili kwa kutojua. Na ndugu wanaosubiri shuka hilo, waambieni kwa heshima kuwa mambo ya chumbani yamebaki chumbani.

Maumivu yana maana. Mwenzako akiumia, simama. Msiwe na haraka. Ndoa si kibali cha kulazimisha, na "sitaki leo" ni jibu kamili.

Hedhi. Angalieni kalenda kabla ya kukata tiketi. Ikija katikati ya safari, si mkosi. Bebeni pedi za kutosha.

Mkojo unaowasha. Maharusi wengi wa kike hupata maambukizi ya njia ya mkojo siku hizi. Kunywa maji ya kutosha, usibane mkojo kwenye basi, na nenda haja ndogo baada ya tendo. Ukisikia kuwashwa, homa au maumivu ya kiuno, nenda hospitali. Si lazima iwe "umeletewa ugonjwa", kwa hiyo msianze kugombana kabla ya kupima.

NJIANI NA UFUKWENI

Msipeleke malaria. Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi, ila Unguja imeipunguza sana, na wagonjwa wengi wa huko ni waliosafiri kutoka bara. Laleni ndani ya chandarua wiki zote za kabla ya safari, maana homa huja siku kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Ukipata homa Unguja, pima siku hiyo hiyo na useme umetoka wapi. Mkirudi Tabora, chandarua kiendelee.

Bahari si bwawa. Maji hujaa na kupwa kila siku, na mkondo unaweza kumvuta hata anayejua kuogelea. Kama hujui, ishia maji ya kiunoni, na waulize wavuvi kwanza. Vaa viatu, kuna viumbe vyenye miiba. Ukinywa pombe, usiingie majini.

Pikipiki za kukodi: helmeti kwa wote wawili, hata kama ni "hapo tu".

Heshima. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni. Mjini na vijijini jisitirini, na mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana.

NA KAMA PESA HAITOSHI?

Rudi kwenye maana: siku saba za kuzoeana. Nendeni Kwihara mkaone tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Pelekeni chapati na soda kando ya bwawa la Igombe, ila msiogelee, kwani maji ya bwawa yanaweza kuwa na kichocho. Halafu jifungieni nyumbani, simu zimezimwa, ndugu walete chakula kama zamani. Wenzenu wakiuliza picha za Nungwi, waambieni zinakuja, pesa ikikamilika.

Seremala wetu na mshonaji wake wakipima pamoja, wakaandika daftari moja na kuzungumza kabla ya kulala pamoja, hiyo tayari ni ndoa yenye mwanzo mzuri, bahari waione mwaka huu au mwaka ujao.

JIPIME
1. Kwa nini wachumba wapime miezi mitatu au zaidi kabla ya harusi?
2. Wabebaji wawili wa sikoseli wakioana, uwezekano ni upi katika kila mimba?
3. Rafiki yako anasema, "Mke wangu hakutoka damu, amenidanganya." Utamwambia nini?
4. Andika bajeti ya fungate yako. Mstari wa kwanza ni upi?

Jadilini na wenzenu klabuni, na mwenye mchumba ampe naye asome. Tukutane toleo lijalo!